Daftari la Maziwa

Kazi yangu ni kuandika maziwa.
Saa kumi na moja alfajiri, Bahati ingali ndani ya ukungu,
wakulima wananiletea mitungi
nami naandika: Mama Njambi, lita saba na nusu.
Mzee Ndirangu, lita nne. Yamerudishwa. Yana maji.

Basi binti yetu alipozaliwa
niligeuza daftari, nikaanzia nyuma.

Siku ya kwanza: cheusi, kinanata
kama lami ya barabara ya Nyahururu jua la Februari.
Birika zima la maji lilikwisha kwa kumpangusa.
Siku ya tatu: kijani, mboga iliyokosewa moto.
Siku ya tano: manjano, majimaji, kina punje punje
kana kwamba mtu amemwaga ufuta.
Nikamuuliza Wamaitha kama huko ni kuhara.
Akacheka hadi akashika mshono.
"Hayo ni maziwa yangu, yanatoka kazini."

Wiki ya tatu nilikuwa naandika mara nane kwa siku.
Mara tisa, Jumapili ile ya mvua,
nepi zilipogoma kukauka, zikaning'inia juu ya jiko
kama bendera za nchi ndogo iliyoshindwa vita.

Kisha, wiki ya saba, safu ikawa tupu.
Jumatatu: hakuna.
Jumanne: hakuna.
Jumatano nikapiga mstari kwa kalamu nyekundu,
ile ya ng'ombe mwenye ugonjwa wa kiwele.
Ijumaa mama mkwe akashuka kutoka Subukia
na kipande cha sabuni ndani ya leso.
"Unaingiza hiki kidogo tu, mlango unafunguka."
Jirani, Chelimo, akaleta maji ya sukari.
Kaka yangu, kwa simu, akataja majani ambayo hata yeye hajui jina lake.
Kila mtu alikuwa na ufunguo.
Mwenye mlango alikuwa amelala,
ngumi mbili kifuani, hana habari.

Jumamosi, zahanati. Muuguzi Jerotich
alisoma daftari langu ukurasa kwa ukurasa
kama hakimu asiye na haraka.
Akabonyeza tumbo: laini, unga uliokandwa ukaachwa ulale.
Anakojoa? Nepi sita, saba.
Ananyonya? Kama anayedai deni.
Uzito? Umepanda.
Akafunga daftari. "Na wewe, baba,
mara ya mwisho kwenda choo ilikuwa lini?"
Nikahesabu kwa vidole. Jumatano.
"Basi mgonjwa ni wewe."

Akatueleza taratibu, huku akimfunga nepi:
mtoto anayenyonya ziwa tu, akipita wiki sita hivi,
anaweza kukaa siku nyingi, hata wiki,
maana mwili unachukua karibu kila tone,
hakibaki cha kutupa. Kikija laini, ni sawa.
"Na anavyojikamua, uso mwekundu kama nyanya?"
"Anajifunza kusukuma na kulegeza kwa wakati mmoja.
Nawe ulijifunza, umesahau."
Kisha sauti yake ikabadilika.
Kikiwa kigumu, vidonge vya mbuzi;
kikiwa cheupe kama chokaa; kikiwa na damu;
tumbo likivimba, akikataa ziwa, akitapika kijani,
"usitafute kalamu. Mlete."
Akamtazama mama mkwe.
"Sabuni ni ya nguo."

Kilikuja Jumatatu usiku, katikati ya sala ya chakula,
kikapanda mgongo mpaka kisogoni,
laini, cha manjano, bila kuomba radhi.
Mama mkwe akasema amina kabla ya wakati.
Nilitaka kuandika, nikakosa kipimo.
Lita? Kilo?
Nikaandika tu: *Kimefika.*

Alfajiri, Mama Njambi akatua mtungi wake.
"Mtoto anaendeleaje?"
"Ameenda," nikasema.
Mkono wake ukaruka mdomoni. Foleni yote ikanyamaza,
mtu akavua kofia.
"Choo, mama! Ameenda choo!"

Aliyecheka kuliko wote ni Mzee Ndirangu,
ambaye maziwa yake, asubuhi hiyo pia, yalikuwa na maji.